"Ndiyo" Yangu Ilimchoma Mwenzangu

Mimi ni fundi wa umeme hapa Lubumbashi. Nyumbani tunasema Kiswahili, shuleni nilifundishwa Kifaransa. Kiingereza nilikipata ukubwani, kazini, kama mtu aokotavyo kuni njiani: kijiti hapa, kijiti pale. Maana siku hizi katika machimbo ya shaba wako wakubwa waliotoka Australia na Afrika ya Kusini, na mafundi waliovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Sisi sote tunakutana katika Kiingereza.

Mwanzoni tulicheka tu. Jioni moja mkubwa wetu, Mwaustralia, alituambia "knock off". Tulijua "knock" ni kugonga. Kijana mmoja akakimbilia nyundo, akauliza agonge wapi. Kumbe maana yake ni acheni kazi, mwende nyumbani! Mwingine alitaka siku tatu za kumzika baba yake. Kwa Kifaransa kuomba ni "demander", basi akaandika "demand". Kwa Kiingereza neno hilo ni la mtu anayedai kwa nguvu. Mkubwa akakasirika, na yule mfiwa hakujua amekosa nini.

Lakini siku moja ya mwaka 2014 kicheko kilikwisha. Tulikuwa tunatengeneza mota ya pampu. Mimi nilisimama penye kisanduku cha umeme, kijana msaidizi wangu alikuwa penye mota. Mkubwa akaniuliza kwa mbali, kwa Kiingereza: "Hujakata umeme?" Nikajibu: "Yes." Moyoni nilisema: ndiyo, sijakata bado. Hivyo ndivyo tunavyojibu sisi. Mtu akikuuliza, "Hujala?", nawe una njaa, unasema, "Ndiyo, sijala." Lakini Mwingereza akisikia "yes" katika swali la namna hiyo, anasikia kwamba jambo limekwisha kufanyika. Mkubwa akampungia kijana mkono afungue. Mwanga ukapasuka, kijana akaanguka. Hakufa, ila mkono wake wa kuume uliungua, na vidole viwili havikunjiki hata leo.

Katika daftari waliandika kwamba nilisema uongo. Niliona uchungu sana, kwa maana sikusema uongo. Nilikaribia kufukuzwa. Ndipo mzee mmoja wa Zambia, msemaji wa Kibemba, akaenda kwa mkubwa akamwambia: "Hata kwetu tunajibu kama yeye. Wewe ulisema kweli, naye alisema kweli. Kweli mbili zimemchoma mtoto." Mkubwa alinyamaza kitambo. Kesho yake akaniita mbele ya wote, akasema kosa lilikuwa lake pia. Neno lile sitalisahau.

Wala jambo hili si letu sisi wadogo tu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha ndege cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa zilikuwa njiani pamoja katika ukungu. Rubani msaidizi Mholanzi alitaka kusema kwamba wanaanza kuruka. Kiingereza chake kilitoka kombo kidogo, na Mhispania aliyeongoza ndege kwa redio akafahamu kwamba wamesimama tayari, wanangoja. Akajibu "OK", kisha akawaambia wangoje, lakini sauti nyingine iliingia katika redio wakati uleule na kuharibu maneno yake. Ndege ikakimbia bila ruhusa, ikaigonga ya pili. Watu 583 walikufa. Waholanzi na Wahispania nao Kiingereza walijifunza, kama sisi. Baadaye maneno ya redio yalitengenezwa upya: neno la kuruka lisitajwe ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta, na rubani arudishe maagizo aliyopewa.

Nasi karakanani tulifanya vivyo hivyo. Swali la "hujafanya?" likakatazwa, tunauliza, "Umeme umekatwa au unawaka?" Anayejibu hasemi "yes" peke yake, anasema, "Umeme umekatwa, nimefunga kufuli, ufunguo ninao mfukoni." Mkubwa naye akaacha mafumbo ya kwao. Anasema jambo moja, anangoja, ndipo anasema la pili. Wala hapigi kelele, maana sauti kubwa haimpi msikilizaji maneno asiyoyajua.

Leo mimi nafundisha vijana. Siwaulizi, "Mmefahamu?", kwa maana mwenye haya atajibu ndiyo. Namwambia mmoja: "Haya, niambie sasa utafanya nini." Akikosea, nasema tena kwa njia nyingine, tunaanza upya. Tunapoteza dakika mbili. Yule kijana wangu sasa anaandika vyombo ghalani, kwa mkono wa kushoto. Kila nikipita namwamkia, na kila mara naona kwamba dakika mbili si kitu.

Ewe mwenye kuagiza, usihesabu ulichosema. Hesabu alichosikia mwenzako. Nawe unayeagizwa, usione haya kusema, "Sijafahamu." Neno hilo halijamchoma mtu bado.