Kabla Hujalipa Dipositi, Tembelea Shule



Msimu wa kuhama umefika. Shule zimefungwa, Januari iko mlangoni, na swali linalojaa kwenye simu yangu ni moja: "Pasta, tubaki Nairobi ama tuhamie Kitengela? Nyumba za huko ni nafuu." Wengine wanauliza Ruiru, wengine Rongai.

Leo tuongee kama familia. Ukichagua nyumba, umemchagulia mtoto wako shule. Umemchagulia pia marafiki, walimu na njia atakayopita kila asubuhi.

Soma Mwanzo 13. Lutu alipopewa nafasi ya kuchagua kwanza, aliangalia maji na malisho. Kwa mfugaji, hayo ni mambo ya maana. Lakini hatusomi popote kwamba aliuliza watoto wake watakua na nani. Mifugo ilishiba. Ukifika sura ya 19 unaona aliyelipa gharama ni familia.

Wengi wetu tunachagua nyumba hivyo hivyo. Tunauliza maji yapo? Stima ni ya tokeni? Parking ipo? Shule tunaikumbuka baada ya kushusha mizigo.

Nairobi ina shule za umma za zamani zenye viwanja vikubwa, hasa upande wa Kilimani na Westlands. Lakini kodi ya huko unaijua. Katika mitaa yenye watu wengi, madarasa yanafurika na mwalimu anachoka kabla ya saa nne. Hata hivyo, tangu 2023 kaunti ya Nairobi ina mpango wa Dishi na Kaunti, ambapo mtoto wa shule ya msingi ya umma anapata chakula cha mchana kwa shilingi 5. Ukivuka kuingia Kajiado au Kiambu, mpango huo haukufuati.

Nje ya mji kuna nafasi na hewa, na zipo shule za umma ambazo mwalimu mkuu anamjua kila mtoto kwa jina. Lakini kumbuka watu wamehamia huko kwa kasi. Kitengela ilikuwa na watu kama 58,000 katika hesabu ya 2009. Kufikia 2019 walikuwa wamepita 150,000. Maghorofa yanajengwa haraka kuliko shule za umma. Ndiyo maana kila kona unaona bango la shule ya kibinafsi. Sasa niambie, kama nyumba nafuu itakulazimisha kulipa karo ambayo hukuipangia, unafuu uko wapi?

Chukua kalamu. Tuseme kodi inapungua kwa shilingi 7,000. Nauli ya kwenda kazini ikiongezeka kwa shilingi 100 asubuhi na 100 jioni, kwa siku 22 ni 4,400. Mkiwa wawili mnaosafiri, ni 8,800. Tayari umepoteza 1,800, na bado hatujahesabu masaa.

Masaa ndiyo yananiuma. Kumbukumbu la Torati 6 inatuagiza tuwafundishe watoto wetu nyumbani na njiani, asubuhi na usiku. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri mtoto amelala, na ukirudi saa tatu usiku amelala, utamfundisha lini? Yaya atamfundisha. Simu itamfundisha.

Mimi na mke wangu tulipohama mara ya mwisho, tulikuwa na nyumba mbili za kuchagua. Kabla ya kulipa chochote, tulienda kila mahali saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukatembea na binti yetu kutoka mlangoni hadi shuleni. Njia ya kwanza ilivuka barabara kuu mahali pasipo na daraja la miguu. Ya pili ilikuwa dakika kumi na mbili, ikipita mbele ya maduka. Tukachukua nyumba ya pili, ingawa ina chumba kimoja pungufu. Rafiki yetu anayefanya kazi Ruiru alihamia huko, na sasa anamsaidia mwanawe kazi ya shule kila jioni. Alichagua vizuri pia. Jina la mtaa si hoja.

Kwa hivyo nenda shuleni siku ya masomo. Kama zimefungwa, muulize mwalimu mkuu na wazazi wa hapo. Darasa moja lina watoto wangapi? Walimu walioajiriwa na TSC ni wangapi, na wanaolipwa na wazazi ni wangapi? Maji na vyoo vikoje? Nafasi ipo kweli, ama ni ahadi ya mdomo? Tangu 2023 Sekondari Msingi, yaani JSS, iko ndani ya shule za msingi. Mtoto anaweza kukaa hapo hadi Gredi ya 9, kwa hivyo uliza pia kuhusu maabara na walimu wa sayansi.

Na wewe ambaye mfuko haukupi nafasi ya kuchagua, usihukumiwe na mtu. Jiunge na mikutano ya wazazi, mjue mwalimu wa darasa, kagua vitabu kila jioni. Mungu anabariki hata chumba kimoja.

Tuombe: Bwana, utupe macho ya kuona zaidi ya kodi. Walinde watoto wetu njiani, uwatie nguvu walimu wao, na uturudishe nyumbani mapema. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mzazi anayetafuta nyumba wiki hii.