Mbio za Naivasha na barabara ya Sake

Katika darasa letu watu wanapenda habari za mpira tu. Mimi napenda mashindano ya motokari. Nimeombwa niandike sababu yake mara moja, ili watu waache kuniuliza kila siku.

Mashindano makubwa ya upande wetu wa Afrika ni Safari Rally ya Kenya. Yalianza mwaka 1953, na zamani yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za watu wote: kamioni, ng'ombe, mama na kuni zake, na gari la mashindano katikati. Mwaka 1963 yalitoka magari zaidi ya 80, yakafika saba. Mwaka 1968 tena saba. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari ambayo wazee wetu hapa wanaijua sana. Baada ya 2002 Safari ilitolewa katika ubingwa wa dunia, na ilirudi 2021.

Ule mwaka 2021 ndio ninataka kusema.

Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, Nyiragongo ilipasuka. Moto ukashuka, ukakata barabara ya Rutshuru, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 serikali ikaamuru watu wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Wengi wakashika njia ya Sake, na njia ya Sake ni hii inayopita kwetu Mugunga. Mimi nilikuwa mtoto wa primeri. Nilipanda juu ya jiwe nikaangalia: majeep, makamioni, mapikipiki, watu wenye godoro kichwani, wote mwendo mmoja, mwendo wa mtu mzee. Shofere mmoja wa jeep nzuri alipiga honi mpaka akachoka, akaizima mashini.

Yaya wangu ni mtu wa chukudu. Siku ile aliacha makala nyumbani, akapakia bibi mmoja ambaye hatukumjua, wajukuu wake wawili na masufuria yao, na mimi nikasukuma nyuma. Mzigo ukiwa mrefu, wa nyuma haoni kitu. Yaya akawa anaita tu: «Jiwe, kuume! Shimo! Sasa polepole, njia inashuka!» Nami nilifuata sauti yake. Tulifika Sake usiku. Bibi alituombea, kisha akauliza kama sufuria yake kubwa haikupotea.

Watu walipokwisha kurudi, tarehe 24 mpaka 27 Juni, nikaona Safari katika simu ya jirani. Naivasha iko ndani ya Bonde la Ufa, chini ya mlima Longonot, nao ni mlima wa moto. Vumbi lile ni ndugu ya vumbi letu! Gari linazama humo kama katika unga. Na ndani ya gari mmoja anaendesha, mwingine ana kaye mkononi anamsomea njia: kona, jiwe, mtelemko, kabla macho hayajaona. Nikasema, kumbe hii kazi ninaijua.

Mbelgiji Thierry Neuville wa Hyundai alikuwa mbele karibu dakika nzima. Jumapili asubuhi, pale Loldia, amortisa ikavunjika, mambo yakaisha. Akashinda Mfaransa Sébastien Ogier wa Toyota, ambaye siku ya Ijumaa alikuwa amepoteza muda mwingi kwa ugonjwa ule ule wa amortisa. Wa pili alikuwa Takamoto Katsuta wa Japani.

Yaya alitazama kidogo, akacheka. «Banakimbia bila kubeba kitu? Ile ni mbio ya namna gani?» Nikamweleza kwamba kuna mahali pa kupimia saa, na anayefika kabla ya saa yake anaadhibiwa hata kuliko mwenye kuchelewa. Hapo akakaa, akatazama mpaka betri ikakwisha. Tangu siku ile ni mtu wa Neuville, sababu alivunjikia njiani.

Mwaka 2022 na 2023 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, kwa hiyo sina mengi ya kusema. Mwaka 2024 Safari ilirudishwa kwa Pasaka, kama zamani. Lakini Februari ya mwaka huo barabara yetu ilikuwa imejaa tena, sasa watu wakitoka Sake kuja kwetu sababu ya vita, na chukudu ya yaya haikulala. Jumapili ya Pasaka tulitazama mwisho wa mashindano pamoja na wageni tuliowapokea, tisa juu ya simu moja. Neuville alikuwa wa tano. Mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia. Nilipomwambia yaya, alikuwa anafunga mpira mpya kwenye gurudumu la nyuma. Akaniuliza kama amortisa ile ya Loldia haingeweza kukatwa katika tairi ya zamani.