Moshi uliokuwa ndani ya chupa

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Leo nataka kuwaelezea habari ya harufu. Wale waliolala chini ya shitingi watanielewa upesi.

Mwaka wa 2023 nilitoka Masisi na watoto wangu, na kikwembe kimoja begani. Tulipofika upande wa Mugunga, hapa Goma, tulipika kama kila mtu: mafiga matatu juu ya mawe ya volkano, kuni mbichi, na hema hatua mbili kutoka motoni. Mvua ikinyesha, moto unaingizwa ndani. Baada ya majuma mawili moshi uko katika nywele, katika nguo, hata katika daftari za watoto. Wewe mwenyewe huusikii tena, kwa sababu pua huzoea. Ni wengine wanaokuambia.

Mimi niliambiwa ndani ya gari la kwenda Birere. Mama aliyekaa karibu nami alifungua dirisha, akasema bila kuniangalia: "Hawa watu wa kambi." Nilishuka kabla ya kufika. Tangu siku ile niliogopa kuingia mahali penye watu, na kazi yangu ni kuingia mahali penye watu na kuuliza maswali.

Mama mdogo wangu anauza vikwembe Birere. Nilipomweleza, hakusema mengi. Alitoa kichupa cha manukato, katika yale ambayo wafanyabiashara wetu huyaleta kutoka Dubai. Rangi yake ilikuwa ya chai kavu. Akaniambia: "Binti yangu, jipake hii. Hakuna atakayejua ulilala wapi."

Siku iliyofuata kulikuwa na mkutano juu ya orodha za kugawa chakula. Mama wa safu yetu ya mahema walikuwa wamenituma na swali: kwa nini majina ya baadhi yao hayamo, na tulifika pamoja? Saa kumi na mbili asubuhi nilijipaka matone matatu, mikononi na shingoni. Kwanza ilinipiga puani kama dawa ya kusafishia kidonda. Dakika chache, ile ikapotea, nikasikia ganda la limau na pilipili manga. Nilipofika mkutanoni, limau nalo lilikuwa limekwenda. Sasa ilikuwa karafuu na mdalasini, kama chai ya sikukuu. Nikakaa mstari wa mbele. Kwa mara ya kwanza tangu Masisi nilijisikia mtu.

Mkutano ulikuwa mrefu. Kuelekea saa nane mchana nilinusa moshi. Ulikuwa mwepesi, lakini ulikuwa moshi. Moyo uliruka. Nikafikiri manukato yamekwisha na kambi imerudi juu yangu. Nikatoka, nikasugua mikono kwa sabuni kwenye bidoni ya maji nyuma ya jumba. Moshi haukutoka. Nikarudi nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Walipouliza nani ana swali, nilinyamaza. Nilirudi kwa mama wale mikono mitupu.

Jioni nilimwendea mama mdogo na hasira. Yeye akachukua kipande cha kitambaa kipya ambacho hakijaona moto hata siku moja. Asubuhi alikuwa ameangusha humo tone moja la kichupa kile kile, ili aonyeshe mteja. "Nusa." Nikanusa. Moshi. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Moshi umo ndani ya chupa, mwanangu. Watu wanaulipia!"

Baadaye nilitafuta kuelewa, na hiki ndicho nilichojifunza. Manukato si harufu moja. Ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito, na joto la ngozi huvirusha kimoja kimoja. Alkoli hutangulia, kisha limau na pilipili. Karafuu na mdalasini hubaki kwa saa kadhaa. Vya mwisho ni vizito: udi, ubani, vanila, na harufu ya moshi. Kwenye kitambaa hukaa siku nyingi kuliko kwenye ngozi, kwa sababu kitambaa hakina joto la mwili.

Na moshi wanautoa wapi? Njia moja ya zamani ni ya Ulaya: magamba ya mti uitwao birch hupashwa moto mahali pasipo hewa ya kutosha, mpaka yatoe lami nyeusi. Sisi tunaochoma makala chini ya udongo hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tena, karafuu na moshi wa kuni ni ndugu: kile kinachoipa karafuu harufu yake kina umbo la karibu sana na kitu kimoja kinachotoka katika mti unaoungua. Ndiyo sababu hazigombani, na moja huisha polepole ndani ya nyingine.

Kwa wale wanaonunua sokoni, nina mashauri machache. Usitoe franga zako kwa harufu ya kwanza. Jipake tone moja, zunguka soko, rudi baada ya saa kadhaa. Ngozi kavu hupoteza harufu mbio, basi paka vazelini kidogo kwanza. Usijipulizie karibu na mbabula, alkoli hushika moto. Na karafuu na mdalasini huweza kuwasha ngozi, basi usiwapake watoto wadogo.

Lakini funzo kubwa lilikuwa lingine. Yule mama wa dirisha, kama angenusa kichupa kile shingoni mwa mke wa tajiri, angeuliza kimenunuliwa wapi. Harufu ni ile ile. Kilichobadilika ni mtu anayeibeba.

Juma lililofuata nilirudi mkutanoni. Sikujipaka kitu. Niliamka, nikawasha moto, nikawapikia watoto uji, nikaenda hivyo hivyo. Nilikaa mbele, nikauliza swali la mama wale, nikasoma majina yao moja moja. Katika ugawaji uliofuata majina hayo yaliitwa, isipokuwa mawili. Kwa hayo mawili nilirudi tena.

Kichupa bado ninacho, kimefika nusu. Ninakitunza kwa siku za harusi. Nikijipaka asubuhi, sikimbii tena mchana.