Mbwa Mwitu wa Nyika ya Voi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Voi kwa barabara hupitia Mackinnon Road, ambapo wengi wetu hushuka kuswali katika msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Seyyid Baghali. Minazi hapo imekwisha zamani. Ni vichaka, udongo mwekundu, na mbele yake milima ya Sagalla na Taita. Asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Wageni hufika kutafuta ndovu na simba. Wachache humwulizia mbwa mwitu, ambaye ni adimu kuliko wote hao.

Jina lake limemponza. Watoto wetu hulisoma katika hadithi zilizofasiriwa, ambamo "mbwa mwitu" ni yule mnyama wa theluji za Ulaya, avaaye ngozi ya kondoo. Huyu wa nyika ni mwingine kabisa: mwembamba, mwenye miguu mirefu, masikio ya duara na vidole vinne kila mguu. Madoa yake meusi, meupe na ya manjano hayafanani kwa wawili wowote. Huwinda kwa jamaa. Wakimpata swala, watoto hutangulizwa kula, na mama aliyebaki shimoni kunyonyesha huletewa nyama tumboni, akatapikiwa.

Barani Afrika wamekadiriwa kuwa kama 6,600 tu. Zamani walinzi wa wanyama wenyewe waliwapiga risasi wakiwahesabu wezi. Siku hizi mashamba, barabara na reli huwakatia ardhi, nao huhitaji ardhi pana mno. Lakini balaa la ghafla ni maradhi yatokayo kwa mbwa wa nyumbani. Mwaka 2017, huko Laikipia, ugonjwa mmoja tu wa namna hiyo uliwafyeka karibu wote.

Hapo ndipo habari hii inapoingia majumbani. Waislamu wengi hatufugi mbwa, ila wenye mbuzi na mashamba pande za Voi na Mwatate huwafuga, na sheria imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao. Basi amfugaye na amchanje kila mwaka. Kichaa cha mbwa, dalili zikishamtokea binadamu, ni nadra apone. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Serikali ilijiwekea mwaka 2014 azma ya kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na njia yake kuu ni sindano ile ile ya mbwa, inayomkinga pia ndugu yake wa mwituni.

Atakaye kuwaona Tsavo aingie alfajiri au alasiri ya mwisho, wanapotoka kuwinda. Adhuhuri hulala vivulini, na kwa rangi yao, gari hupita karibu nao wasionekane.