Mabati Marufuku

Wengi wenu mmeniuliza ilikuwaje wanachama wa Chama cha Kiswahili, watu wa ngeli na mashairi, wakaonekana Nyayo Highrise wakati wa likizo wakimfuata msichana aliyebeba mtungi. Wengine mlidai eti tumeanza biashara ya maji. Nimemwomba mhariri nafasi nieleze, kwani maneno yaliyosemwa yamekuwa marefu kuliko filamu yenyewe, ambayo ni ya dakika 3 tu.

Lilikuwa zoezi. Mwalimu wetu mlezi alitaka tujue kazi ya filamu kwa kuifanya, si kwa kuisoma ubaoni. Masharti yake yalikuwa manne: filamu isiwe na mazungumzo, isipite dakika 3, isiwe na picha zaidi ya 12, na mtu mmoja achukue kitu mahali fulani akifikishe mahali pengine. Kamera ni simu yake. Tulipofikiri amemaliza, akaongeza la tano: "Na mabati ni marufuku."

Anayeishi upande ule ataelewa mara moja. Ukisimama juu katika majumba ya Highrise ukatazama chini, unaona mabati yenye kutu ya Soweto Mashariki, bati juu ya bati. Ni picha rahisi sana kuipata, na wageni wenye kamera huipenda kupita kiasi. Mwalimu alituambia picha ya mbali kazi yake ni kuonyesha mahali, na Kibera imeonyeshwa hata wazungu wakaichoka, tangu The Constant Gardener ya mwaka 2005 na hata kabla. "Nyinyi nionyesheni mtu," akasema.

Kwani wapo waliokwisha kushuka kutoka juu ya mabati. Kibera Kid ya Nathan Collett ilitoka mwaka 2006, kisha mwaka 2010 zikaja Togetherness Supreme, yake pia, na Soul Boy iliyoelekezwa na Hawa Essuman. Hiyo ya mwisho yamhusu kijana Abila anayehangaika kuiokoa roho ya babake. Tuliitazama kwa vipande, kalamu mkononi, tukihesabu kila mara kamera inapohama. Jaribuni siku moja. Ukianza kuhesabu huwezi tena kutazama sinema kwa raha!

Hadithi yetu ilikuwa hivi. Msichana ananunua maji kwa mama mmoja mwenye mfereji huko chini, analipa, anapewa chenji, anapandisha mtungi hadi orofa ya juu kabisa ya jumba la Highrise kwa mteja ambaye mgao wa maji haujamfikia. Basi.

Mwigizaji wetu, dada mmoja wa Kidato cha Tatu, alikataa katakata kubeba mtungi mtupu. "Mwenye mtungi mtupu hutembea kama anaenda harusini," alisema, nasi tukaona ni kweli. Mtungi ukijaa, bega moja hushuka, mkono wa pili hutoka nje kutafuta mizani, na uso hubadilika wenyewe bila kuigiza. Lakini lita 20 ni kilo 20. Kila tuliposema "rudia", ni yeye aliyeteremka na kupanda tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa filamu huchora kila picha kabla ya kuipiga. Tulichora visanduku 12 katika daftari la hesabu, nami nikapanda zile ngazi mara mbili mikono mitupu nikitafuta pa kusimama, ili mwenzetu apande mara chache iwezekanavyo.

Ngazi zina fitina zake. Kanuni ni kwamba mtu akitoka upande wa kulia wa picha, katika picha ifuatayo aingie kutoka kushoto, la sivyo mtazamaji ataona kana kwamba amegeuka anarudi alikotoka. Sasa ngazi zenyewe hujipinda! Dawa yake ni kumpiga kwa nyuma pale anapopinda, kwa sababu mgongo hauna kulia wala kushoto. Dawa ndogo, lakini sikuipata kitabuni.

Jua nalo lilitusumbua. Saa sita huku kwetu liko utosini, linatia kivuli machoni, na simu ikiona anga nyeupe nyuma ya mtu hupunguza mwanga mpaka sisi weusi tukabaki vivuli vyenye meno. Ilibidi kugusa uso wa mtu kwenye kioo ili simu imfuate yeye na si mawingu, na kazi nyingi tukaiacha hadi saa kumi alasiri. Kuhusu sauti sitasema mengi: ndege ndogo za Wilson hazimsubiri mwelekezi. Lakini tulinasa maji yakiingia mtungini, ile sauti inayoanza nzito na kupanda jinsi mtungi unavyojaa, na ninaamini hiyo ndiyo nusu ya filamu yetu.

Yule mama wa maji alitutazama kwanza bila kusema. Halafu akauliza, "Nyinyi watoto, kila siku watu wanakuja hapa na kamera. Hizo picha huwa zinaenda wapi?"

Kimya. Mwelekezi wetu akajibu kwamba tungemletea aone.

"Hata wale wengine walisema hivyo." Akafunga mfereji. "Haya. Lakini msinipige nikiwa nimeinama. Nipigeni nikiuza."

Ndivyo tulivyofanya, kamera kimo cha macho yake.

Tulipounga picha zote, filamu ikawa dakika 3 na sekunde 20. Fundi wetu wa kukata, kijana mwepesi wa vidole, akasema sekunde za chenji ziondoke, hazina kazi. Akazitoa tukatazama. Jamani! Msichana anatoa noti, mama anaitia mfukoni, msichana anaondoka. Kwa sekunde 4 tu tulizozitoa, mama wa watu amekuwa mwizi. Hakuna uongo uliopigwa, kila picha ilikuwa ya kweli, lakini mtazamaji huunganisha mwenyewe anachopewa.

Wengine walisema hakuna atakayegundua. Mimi nikasema mama atagundua. Ubishi ulikuwa mkali mpaka mwalimu akatoka nje akatuachia chumba. Mwishowe tuliikata picha ya jua likitua kuelekea Ngong, sekunde 11, niliyoipiga mimi mwenyewe na ambayo kila mtu aliisifu, na sekunde 9 tukazikwangua kwenye ngazi. Chenji ikarudi.

Jumamosi iliyofuata tulimpelekea simu pale pale mferejini. Alijifuta mikono, akaitazama hadi mwisho, na foleni ya mitungi nyuma yake ikatazama pia. Kisha akaturudishia.

"Rudisha hapo kwa chenji," akasema, "huyu jirani hajaona."

Mteja wa kwanza kwenye foleni akagonga mtungi wake kwa kidole. Mama akamwambia angoje.