Kiti cha Babu

Mwezi huu familia yetu inaungama jambo ambalo majirani wachache tu wanalijua.

Tulichoma kiti cha Babu. Tulikuwa tumevuka ziwa mwaka 1999 kutokea upande wa Moba, na katika vitu vichache tulivyobeba kimo kile kiti: kifupi, cha mti mmoja usiounganishwa, kimechongwa pembetatu ndogondogo kuzunguka ukingo. Ikaja mvua ya wiki nzima, kuni zikaisha, mtoto ana homa. Tukakipasua. Uji ukaiva, mtoto akapona, Babu hakusema neno. Tangu siku ile anakalia ndoo iliyogeuzwa.

Sasa kwa nini tunayasema haya leo? Binamu yetu aliyeko Ubelgiji alikwenda kutembelea makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, akatutumia picha kwenye simu. Makumbusho hayo yalianzia kwenye maonyesho ya mwaka 1897 ya mfalme Leopold wa Pili. Mwaka ule Wakongo 267 walipelekwa huko wakaonyeshwa kwa wageni kama vitu. Saba walikufa, makaburi yao yapo palepale kanisani. Jengo kubwa lilifunguliwa 1910, likakarabatiwa miaka mingi na kufunguliwa tena Desemba 2018.

Picha zilikuwa nyingi: vijiko, vikapu, ngoma, vinyago, vitana. Mama mkubwa alizitazama akacheka, eti mbona kijiko cha kulia kimefungiwa kwenye kioo kama mgonjwa? Halafu ikaja picha ya mto wa mti, ule wazee wetu Watabwa waliolazia kichwa ili nywele zilizosukwa zisiharibike. Umechongwa pembetatu ndogondogo.

Babu akaichukua simu, akaisogeza karibu na jicho lile linaloona. Akasema, "Balamwezi."

Watoto wakauliza, balamwezi ni nini, Babu? Kumbe hatukuwahi kuwaambia, na kusema kweli sisi wenyewe tulijua nusu. Basi akaeleza. Ni mwezi unapoandama. Kuna zile siku mwezi haupo kabisa, giza tupu, watu wanaogopa wanyama na wabaya. Kisha unarudi, mwembamba. Hizo pembetatu ndizo kurudi kwake, na wazee walizichora kwenye viti, kwenye mito, hata kwenye ngozi zao. Miaka yote hiyo tulidhani ni urembo tu. Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa anawaza kuhusu ule moto.

Tulimwomba binamu asome maandishi ya chini. Yanataja kabila na namba ya kitu. Aliyekichonga hatajwi. Babu akauliza mara mbili: "Jina la fundi hawakuandika?" Hawakuandika.

Kuna sanamu moja kule ambayo historia yake inajulikana vizuri, na ni ya kwetu. Ni ya chifu Lusinga. Mbelgiji Émile Storms alikaa Karema, upande huu wa ziwa, kisha 1883 akajenga kituo Mpala, ng'ambo. Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, wakamkata kichwa. Sanamu ya ukoo wake ikachukuliwa, na fuvu lake pia likapelekwa Ubelgiji. Tusidanganyane, Lusinga mwenyewe aliuza watu, na wapo waliofurahi alipokufa. Lakini fuvu la mtu si kitu cha kuweka kabatini. Sanamu ya Storms mwenyewe, iliyokuwa kwenye bustani ya Brussels, iliondolewa Juni 2022.

Mwaka huohuo wa 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ya Kongo orodha ya vitu kama 84,000 vya makumbusho hayo. Mfalme Philippe naye alipokuja Kinshasa mwezi wa Juni alileta kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Kukopeshwa kilicho chako! Kijana wetu alicheka mpaka akakohoa. Ila tukumbuke pia kwamba kati ya 1976 na 1982 vilirudishwa vitu 114, na baadaye vingine viliibiwa Kinshasa. Kwa hiyo tukibishana hapa nyumbani nani ni mtunzaji mzuri, sisi tuliochoma kiti tunanyamaza.

Babu hakunyamaza. Siku ya tatu aliomba apewe kisu na kipande cha boriti kutoka ile nyumba iliyobomoka na mvua. Anachonga kiti. Anafanya asubuhi tu, mchana macho yanachoka. Wajukuu wanakaa naye, mkubwa kati yao ameshaharibu vipande viwili akijaribu kuchora pembetatu, na Babu anamfokea kwa Kitabwa. Nasi tumenunua daftari. Tumeandika humo jina la aliyechonga kile cha zamani, baba yake Babu, na jina la kijiji, na mti ulikuwa wa aina gani.

Safu ya pembetatu imefika nusu. Kisu chetu ni cha jikoni na kimeanza kulegea mpini. Mwenye kisu kizuri au patasi atuazime, tutarudisha. Tupo nyumbani kila siku isipokuwa siku ya mgao.