Kaskazini ya Nani, Kusini ya Nani

Basi lilipotoka Nzega asubuhi ile, mzee aliyeketi kando yangu, aliyekuwa akirudi kwake Misungwi, alinyoosha mkono kuelekea mbele ya dereva. "Sasa tunaelekea sukuma," akasema. Alikuwa anataja upande, wala si watu. Mimi ni mtu wa Tanga, kabla ya safari hiyo sikuwa nimewahi kuvuka Singida, na sisi wa pwani tukisikia neno hilo akili hukimbilia mkokoteni uliokwama. Mzee akanieleza kwa upole: katika Kisukuma na Kinyamwezi, lugha mbili zinazosikilizana, sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Wanyamwezi waliwaita jirani zao wa upande wa kaskazini Wasukuma, na wale wa kusini Wadakama. Jina la kwanza ndilo lililoshika, na leo ni jina la kabila lenye watu wengi kuliko yote Tanzania.

Ningeweza kulisoma hilo kitabuni, lakini barabara ilinifundisha vizuri zaidi. Kutoka Nzega unapita Tinde, Shinyanga, Maganzo, Misungwi, na muda wote huo unapanda ramani kwenda juu. Atokaye Unyamwezi hana namna nyingine ya kuwafikia watu hawa ila kwa kwenda sukuma. Nilitazama mibuyu, makundi ya ng'ombe na mashamba ya pamba, nikawa nalirudia neno kimoyomoyo.

Stendi ya Nyegezi iko upande wa kusini wa jiji la Mwanza. Kiseke, nilikokuwa nakwenda, iko Ilemela, upande wa pili. Kwa hiyo nililivuka jiji zima kwa daladala siku yangu ya kwanza, huku ziwa likionekana na kupotea kati ya vilima vya mawe. Mawe ya Mwanza yanastahili makala yake. Hapa niseme tu kwamba nyumba zimepandana juu yake kwa ujasiri ambao sijauona kwingine.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi mzaa mama wa rafiki yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu tena kwa salamu ya kwao, "Mwangaluka," akangoja mpaka nikaijibu sawasawa. Uani kulikuwa na mpangaji, fundi wa mitambo kiwandani, ambaye watoto wa jirani walimwita Mhindi. Wahindi wa zamani wa Mwanza wengi wao asili yao ni Gujarat na Kachchh. Huyu kwao ni Rajahmundry, kando ya mto Godavari, katika jimbo la Andhra Pradesh. Lugha yake ni Kitelugu, ambayo sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wake wa lugha ya mama kuwa zaidi ya milioni 81. Maneno yake ya asili kwa kawaida huishia na irabu, kama ya Kiswahili na Kisukuma, na nadhani ndiyo maana Kiswahili chake kilikaa vizuri masikioni.

Jioni nilimsimulia bibi maneno ya yule mzee wa kwenye basi. Akacheka kwa furaha. Yeye ni mzaliwa wa Kwimba, na alisema utotoni kwao sukuma ilikuwa huko Magu, ziwani, si pale walipokaa wao. Ndipo akamgeukia mpangaji. "Na wewe baba, hilo Telugu maana yake nini?"

Fundi alisema nyumbani alifundishwa kwamba limetokana na Trilinga, yaani linga tatu, alama za mungu Shiva katika mahekalu matatu: Kaleshwaram, Srisailam na Draksharama. Ni maelezo yanayopendwa sana kwao. Lakini akaongeza kuwa wapo wataalamu wanaopinga. Mmojawapo ni Bhadriraju Krishnamurti, mwanaisimu aliyefariki mwaka 2012 na mwenyewe Mtelugu, aliyeona kwamba umbo la zamani ni Tenugu, lenye mzizi ten, ambao katika lugha za Kidravidi ni kusini. Trilinga ingekuwa vazi la Kisanskriti lililovishwa jina hilo baadaye.

"Basi wewe ni mdakama," bibi akasema.

Fundi aliposikia dakama alishtuka, kwa sababu katika Kitelugu cha leo kusini ni dakshinam. Neno hilo limetoka Kisanskriti, na maana yake ya kwanza ni mkono wa kulia: ukilitazama jua linachomoza, kusini iko kuliani kwako. Ndilo hilohilo lililozaa jina la uwanda wa Deccan. Kufanana kwake na dakama ni bahati tupu. Moja ni la familia ya Kihindi-Kiulaya, jingine la Kibantu. Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia watu wengi wakijenga historia za makabila juu ya herufi tatu zinazolingana.

Kilichonigusa ni kingine. Wasukuma, watu wa kaskazini, wanaishi mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria; kwa mtu wa Kampala wao ni wa kusini kabisa. Watelugu, kama Krishnamurti yuko sahihi, ni watu wa kusini ambao Watamil huwaona kaskazini kwao. Kila jina limehifadhi mahali aliposimama yule aliyelitamka kwanza, ijapokuwa yeye mwenyewe hatumjui.

Bibi hakuniacha. "Na ninyi wa pwani kaskazini mnaiitaje?" Nikamweleza kwamba tumeipa jina la upepo: kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi unaoufuata. Kaskazi ndio uliowaleta mababu wa Wahindi wa Zanzibar na Tanga. Fundi akatikisa kichwa. Pwani ya kwao inatazama Ghuba ya Bengal, mashariki. Yeye alikuja Mwanza kwa ndege, kwa mkataba wa kazi. Bibi akawaita watoto waliokuwa wakicheza uani, akawaambia kuanzia kesho wamwite Mtelugu, akawatamkisha mpaka wakaweza.